Nyongeza Haina Jina

1

Upawa ulinilalamikia mara nane siku ile kabla ya saa sita mchana, na mimi si mwanamke wa kulalamikiwa na chombo cha jikoni.

Jina langu Leokadia Kikoti. Nina miaka hamsini na nane, na nimekuwa nikipika hapa Ilula, kando ya barabara kuu ya Iringa, tangu enzi za mabasi kuendeshwa na watu. Madereva nawakumbuka. Walikula bure, walitusumbua kwa maneno, na walituletea wateja sitini kwa mkupuo. Siku hizi basi linajiendesha lenyewe, linasimama dakika kumi na mbili bila kuongeza hata moja, na abiria wanaagiza chakula wakiwa bado huko Ruaha Mbuyuni. Mtu anaweka kiganja juu ya mkono wa kiti, anataja anachotaka, na papo hapo ameshalipa. Mimi huku jikoni naona kwenye kioo: kiti cha nane, wali maharage, kiti cha tisa, ugali kwa kuku. Wakiteremka, kila bakuli limeshapanda kwenye reli ndogo ya dirishani na namba yake, wali au ugali umeshawekwa na mashine. Kazi iliyobaki kwa binadamu ni mboga. Mboga naimimina mimi, mbele ya mwenyewe, macho kwa macho.

Mpango wote huo unaitwa Pishi. Vijana walioubuni walisema wamechagua jina la kipimo cha mababu. Sawa, lakini mababu zangu walipopima kwa pishi walijaza mpaka nafaka ikafanya kichuguu juu na nyingine ikamwagika pembeni, na iliyomwagika hawakuirudisha guniani. Hilo vijana hawakuambiwa. Pishi wao akaniletea upawa wa chuma wenye mzani shingoni. Maharage ni gramu mia mbili. Ukizidisha gramu tano, upawa unalia. Ukimimina hivyo hivyo huku unalia, Pishi anaandika kosa, na makosa yakiwa mengi daraja la mgahawa linashuka. Letu lilikuwa themanini na tatu. Likishuka chini ya themanini basi halisimami tena Ilula, linapitiliza moja kwa moja mpaka Iringa mjini. Na hapa tupo wanawake watano. Eufrasia, mkono wangu wa kulia, anasomesha watoto watatu kwa sufuria hili la maharage. Basi lisiposimama hatuna mteja mwingine, maana wenyeji wa Ilula wanakula kwao.

Nilikuwa nayajua yote hayo, na bado nilikuwa namimina. Mimi nina ugonjwa wa nyongeza. Nimezaliwa sokoni, kwenye nyanya na vitunguu. Huku kwetu ukinunua fungu la nyanya, muuzaji akishakupa zako anakuongezea mbili juu. Hakujui, huenda hatakuona tena maishani, lakini asipokuongezea unaondoka ukijiuliza umemkosea nini. Sasa mtu niliyelelewa hivyo unaniwekea mzani shingoni mwa upawa, halafu unategemea nini?

Alhamisi ile, wa saba kusababisha upawa ulie alikuwa mzee Chusi. Huyu ni fundi viatu wa Mikumi, koti lake limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa la utosi. Kila Alhamisi anapita kwenda hospitali Iringa kumtazama mke wake aliyelazwa, na kila Alhamisi anaagiza wali nusu na maharage nusu. Nilimjazia bakuli mpaka ukingoni. Nikamwambia kwa sauti ya ugomvi, watu wote wasikie, kwamba maharage haya yananijazia sufuria bure na mimi nataka kuosha. Akasema basi atanisaidia. Nyuma yake alikuwepo mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo la heshima. Na yeye nikamwongezea, nikamwambia aache kunitolea macho na alete hilo bakuli. Upawa ukalia tena, ya nane hiyo. Eufrasia akanifinya.

Mchana ule ujumbe ukaingia kwenye kioo. Mtaalamu wa Pishi atafika Jumatatu, na tafadhali upawa usizimwe. Eufrasia aliusoma mara mbili, kisha akaketi juu ya gunia la mchele. Nilijua anawaza ada za shule, na nilijua ni mimi nimemfikisha hapo.

2

Jumatatu nilijiandaa kupokea mtu wa tai na gari. Basi la saa tano likafika, abiria wakateremka, nikawa naendelea na dirisha langu. Akaja kijana mrefu, begi mgongoni, miwani imeteleza mpaka katikati ya pua, kaagiza ugali na mchicha. Nikammiminia chake, nikamtazama, nikamwongezea upawa mzima. Upawa ukapiga kelele. Nikamwambia asisimame hapo kama nguzo, akale.

Alikula akamaliza. Basi likaondoka, yeye akabaki. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akasalimia kwa adabu, "Kamwene, mama," nikajua ni mtoto wa huku huku kwetu. Akasema anaitwa Gervas Luvanda na ndiye mtaalamu wa Pishi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mimi nikiogopa nakuwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia kama kaja kutufungia, afunge kabla ya basi la saa nane, tusije tukapika bure. Akacheka, akaomba kigoda.

Alichonieleza pale kilinichukua muda kukielewa, nami nakisimulia nilivyokielewa. Ule mkono wa kiti unaowekewa kiganja haulipi tu. Unasikia mapigo ya moyo na joto la mwili. Pishi pia anakumbuka mara ya mwisho ulipolipia chakula popote barabarani. Kwa hiyo anaweza kukisia nani ana njaa kweli, ila anakisia vibaya, kwa sababu kuna wanaokula kwao na kuna waliofunga kwa hiari. Luvanda alichukua nyongeza zangu zote za miezi saba, elfu moja mia tisa na kumi na mbili, kila moja na kilio chake, akazilinganisha na watu waliozipokea. Akakuta katika hizo, mia saba na arobaini zilikwenda kwa watu ambao hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake. Karibu kila mwenye njaa aliyepita dirishani kwangu, nilimpata.

"Mama, unafanyaje?" akaniuliza. "Mashine yangu ina vipimo kumi na nne na haikufikii."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, nami sijui kukataa sifa. Nikamwambia mwenye hamu anaangalia sufuria, lakini mwenye njaa anaangalia pembeni. Nikamwambia habari za vidole vinavyolishika bakuli kwa nguvu, na za mtu anayekushukuru kabla hujampa kitu. Akaandika yote. Kisha akatoa lililomleta. Wanataka kumfundisha Pishi mkono wangu. Migahawa mia nne na kumi na mbili, kuanzia Dar es Salaam mpaka Tunduma, kila mwenye njaa atakayesimama dirishani aongezewe, na kampuni ndiyo itakayogharamia. Hakuna upawa utakaolia na hakuna daraja litakaloshuka.

Machozi yalinitoka, sifichi. Nilipokuwa na miaka ishirini nilisafiri kwenda Mbeya na mtoto mgongoni, sijala siku nzima, na mama mmoja pale Makambako alinijazia sahani huku akinigombeza kwamba mtoto wangu ananuna. Sijui jina lake mpaka leo. Nikawawaza kina mama mia nne kama yule. Nikawaza pia, sitaki uongo, kwamba Eufrasia atainuka kutoka kwenye lile gunia.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama kuna mtu mwingine atakayejua nani ana njaa.

"Ni Pishi tu, mama."

"Na Pishi ana mdomo?"

"Hana."

Nikaweka kiganja changu kwenye kioo chake nikakubali.

3

Kumbe Pishi alikuwa na mdomo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Bakuli la mwenye njaa lilipofika mbele yangu, shingo ya upawa iliwaka taa ya kijani, nami nikaongeza. Wengine walipata gramu zao mia mbili, basi. Sikuwa na haja ya kutazama uso wa mtu, wala ya kugombeza mtu. Foleni ilikwenda haraka, daraja likapanda mpaka tisini na moja, Eufrasia akawa anaimba kwaya jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa kimya kuliko kawaida yangu na nikadhani ni uchovu.

Ambalo sikulijua ni kwamba kampuni ilikuwa inajivunia. Ndani ya mabasi, kabla ya kila kituo, sauti ilikuwa ikiwatangazia abiria kuwa Pishi sasa anajali, na kwamba ukiona taa ya kijani ujue msafiri mwenzako aliyekuwa na njaa amepata nyongeza. Waliitangaza kwa furaha, nadhani kwa moyo safi kabisa.

Alhamisi akaja mzee Chusi, koti vifungo vyote. Wali nusu, maharage nusu. Upawa ukawaka kijani, nikamjazia, akapokea. Sikumwambia neno, kwa sababu sikuwa na neno. Ya nini kusema maharage yananijazia sufuria wakati taa imeshasema kila kitu?

Akakaa kwenye meza ndefu, kati ya watu. Alikuwa amekula vijiko viwili. Bwana mmoja wa kofia, mtu mpole tu wa kusafiri, akamwambia kwa huruma, "Pole mzee, kumbe hujala tangu jana." Meza nzima ikageuka. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mama mmoja akasukuma chapati yake mpaka mbele ya mzee. Mwingine akasema achukue na ndizi.

Mzee Chusi akaweka kijiko chini, taratibu. Akasema asante, ameshiba. Akarudisha kifuniko cha bakuli, akanyoosha koti, akaenda kukaa ndani ya basi, zikiwa zimebaki dakika saba nzima.

Nililichukua lile bakuli mwenyewe. Lilikuwa zito. Nikakumbuka kwamba yule mzee kwa miezi mingi alikuwa akila chakula changu mpaka anapangusa bakuli, na kila mara alikuwa akinisaidia mimi kumaliza maharage. Sasa nimempa chakula kile kile, upawa ule ule, na ameondoka na njaa mbele za watu. Nilijisikia mwizi. Niliutumbukiza upawa wa chuma kwenye ndoo ya maji machafu, nikaenda stoo nikatafuta upawa wa kifuu alioniachia marehemu mama. Basi la saa nane nikawahudumia kwa huo, bila kupima mtu. Kioo kikaanza kuandika makosa, kimoja baada ya kingine, na Eufrasia akaacha kuimba.

4

Ijumaa Luvanda alifika mbio. Alikuta daraja letu limeanguka mpaka themanini na nne. Alidhani mashine imeharibika. Nikampeleka kwenye ndoo nikamwonyesha.

Nilimsimulia ya mzee Chusi. Alisikitika kweli, si mtoto mbaya. Akasema tangazo la kwenye basi ni kosa, ataomba liondolewe, na taa ya kijani wataifanya ionekane na mimi peke yangu. Nikamwambia hajaelewa. Hata bila taa, bakuli linaonekana. Kama mezani kuna watu thelathini na mabakuli matatu tu ndiyo yamejaa, kipofu naye atajua.

Ndipo nikamuuliza: zile nyongeza zangu elfu moja mia tisa na kumi na mbili, alisema mia saba na arobaini ndizo zilikwenda kwa wenye njaa. Nyingine je?

Akasema zile elfu moja mia moja sabini na mbili zilikwenda kwa watu walioshiba. Walizisafisha kabla ya kumfundisha mashine. Waliziita makosa ya mkono.

"Makosa?" nikasema. "Mwanangu, hizo ndizo zilizokuwa kazi yenyewe."

Nikamkalisha. Nikamwambia kila nikimwongezea mwenye njaa, namwongezea na mwenye tumbo aliye nyuma yake, na msichana aliye mbele, na mara nyingine askari. Nawagombeza wote sawasawa. Wakifika mezani hakuna anayejua nani kapewa kwa sababu gani. Wanajua tu kwamba yule mama wa Ilula ana domo na mkono wake haupimi. Hapo ndipo mwenye njaa anapata pa kujificha akala. Yule mama wa Makambako, nilimweleza, alimwongezea na polisi aliyekuwa pembeni yangu. Miaka thelathini na minane nimekuwa nikimkumbuka kwa chakula. Kumbe nilichopewa siku ile ni sitara, na chakula kilikuja juu yake. Wahenga walisema siri ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha akianza kutangaza, nani atamwita tena?

Luvanda alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akaniambia ukweli wake, na nilimheshimu kwa hilo. Kampuni inatoa fedha kwa sababu kila nyongeza ina jina. Wakubwa wanataka kuona mwenye njaa fulani, kiti fulani, kapata. Bila majina watauliza wanajuaje kwamba wapishi hawaibi. Nikikataa, migahawa yote mia nne na kumi na mbili inarudi kwenye upawa unaolia kwa gramu tano. Watu wangapi watakosa upawa ule? Na sisi hapa, kwa upawa wa kifuu, Jumapili tutakuwa chini ya themanini.

Hapo ndipo paliponikaba. Nisimame na aibu ya mzee mmoja, au na matumbo ya watu nisiowajua mpaka Tunduma? Nitakuambia nilikasirika, maana swali lenyewe lilikuwa la haki. Nililala nalo na nikaamka nalo. Eufrasia hakunishauri kitu. Alisema tu kwamba yeye naye aliwahi kusimama kwenye foleni yangu, kabla sijamwajiri, na kwamba siku ile alidhani kweli sufuria lilikuwa linataka kuoshwa.

Jumamosi Luvanda hakuondoka. Nikamfunga kanga kiunoni nikamsimamisha dirishani na upawa wa kifuu. Mara ya kwanza aliwaongezea wanyonge watupu, kwa uso wa huruma, kama anatoa rambirambi, nikamkanyaga mguu. Mara ya pili akamwongezea tajiri mmoja, akaona haya, akamwomba radhi. Nikamkanyaga tena. Basi la saa nane ndipo mkono ukafunguka. Akamgombeza mwanajeshi kwa kusimama vibaya, akamjazia, na kwa mkono ule ule akamjazia dada mmoja mwembamba aliyekuwa akiangalia pembeni, wala dada hakushtuka. Luvanda akanigeukia, macho yamemtoka.

Jioni yake nilikuwa napimia mchele wa kesho. Mimi napima kama mama alivyonifundisha, vikombe vya watu wanaotarajiwa, halafu konzi tatu za mgeni asiyetarajiwa. Luvanda alikuwa ananitazama. Akauliza zile konzi ni za nani.

"Hazina mwenyewe," nikamwambia. "Mama hakuwahi kupima sahani ya mtu. Alikuwa anapima sufuria."

Alisimama pale pale mlangoni, sahani mkononi. Akasema polepole kwamba inawezekana. Mzani ukitolewa kwenye upawa ukawekwa chini ya sufuria, Pishi atajua sufuria lilianza na kilo ngapi na likaisha na ngapi. Katika kila kilo ishirini, kilo moja iwe ya mkono wa mpishi. Ikizidi hapo, wakubwa waulize. Isipozidi, wasiulize, na bakuli gani lilipata nini, mashine haitakuwa na njia ya kujua hata ikitaka. Akaanza kuchora kwenye vumbi la unga mezani kwangu, nami nilikuwa nimeshalifuta mara mbili siku ile.

Kisha akaacha kuchora. Nikamuuliza kuna nini. Akasema ili jambo hilo liwe kweli lazima aifute ile orodha, mia saba na arobaini, na yote ambayo mashine ilijifunza kutoka kwangu. Ni kazi yake ya miaka miwili. Ilikuwa ndiyo ngazi yake ya kupandia.

Nikamwekea chai.

5

Jumapili daraja lilifika sabini na tisa. Basi la saa tano lilipita mbele yetu bila hata kupunguza mwendo. Tuliliona wote watano, tumesimama na vifuniko mikononi. Maharage yalikuwa yameiva vizuri kupita kawaida. La saa nane likapita nalo. Jumatatu vivyo hivyo, na Jumanne. Tuligawa chakula kwa majirani, na majirani wa Ilula, waliozoea kula kwao, walikuja wakala wakatutania kwamba tumefilisika kwa ukaidi wangu. Eufrasia hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko kulaumiwa.

Jumatano mchana Luvanda akaita kwenye kioo, uso umechoka. Alikuwa amekaa na wakubwa wake siku mbili. Maneno ya sitara, alisema, waliyasikiliza kwa heshima na hayakuwagusa. Kilichowagusa ni hesabu moja. Aliwatafuta watu wote waliowashiwa kijani katika majaribio, kwangu na kwa wenzangu wachache waliojaribu. Nusu yao hawakuwa wameagiza chakula tena, mahali popote barabarani, tangu siku ile. Walikuwa wanaona heri kusafiri na njaa kuliko kuwashiwa taa. Mkubwa mmoja akauliza kama mashine imekosea. Luvanda akamjibu haikukosea hata mmoja, ndiyo tatizo.

"Wamekubali sufuria," akaniambia. "Kote, mama. Mpaka Tunduma."

Nilikaa juu ya gunia la mchele, zamu yangu sasa. Eufrasia akanipepea kwa kifuniko.

Alhamisi saa tano basi likapunguza mwendo, likaingia. Sijawahi kufurahi hivyo kuona chuma. Luvanda alishuka nalo, begi mgongoni, akajipanga kwenye foleni kama abiria. Chini ya sufuria langu kulikuwa na mzani mpana ulioletwa alfajiri, umekaa kimya kama kigoda. Mkononi nilikuwa na upawa wa kifuu.

Kwenye kioo niliona kiti cha ishirini na mbili, wali nusu, maharage nusu. Sikuwa na uhakika kwamba atateremka; angeweza kuagiza akabaki kitini, akarudishiwa fedha yake. Foleni ikasogea. Mwanafunzi mmoja nikamwongezea na kumwambia apunguze simu. Mama mwenye mikufu nikamwongezea, akalalamika kwamba anapunguza mwili, nikamwambia apunguzie mbele ya safari. Halafu nikaona koti, vifungo vyote.

Hakuniangalia. Alisukuma bakuli lake kidogo tu, kama mtu anayegusa maji kuona kama ni ya moto.

"Wewe mzee," nikamwambia, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Wiki iliyopita uliniachia bakuli zima. Nimekaa na maharage yako hapa sijui pa kuyapeleka. Ndiyo heshima hiyo?"

Meza ya karibu wakacheka. Mama wa mikufu akasema huyu mwanamke ana maneno. Mzee Chusi akainua macho, akaliona bakuli la mama wa mikufu limefurika, akaliona la mwanafunzi. Kisha akaniangalia mimi, usoni, muda kidogo.

"Nisamehe, mama," akasema. "Leo nitakusaidia."

Nikamjazia mpaka ukingoni. Aliyefuata hakupata nyongeza, wala wa baada yake, kwa sababu mkono haukutaka. Mzee akakaa kati ya watu akala, akapangusa bakuli, akamsimulia jirani yake habari za mke wake, kwamba ameanza kukaa kitandani mwenyewe. Nilikuwa nasikia neno moja moja huku namimina, na macho yalikuwa yananiwasha nikasingizia vitunguu.

Luvanda alikuja mwisho kabisa. Nikampa ugali wake na mchicha, nikaongeza. Hakwenda mezani, alikula akiwa amesimama dirishani. Alikula nusu, akasita, akasukuma miwani juu.

"Mama, nikuulize. Ile siku ya kwanza uliniongezea na hukujua mimi ni nani. Nilikuwa upande gani? Wale mia saba na arobaini, au wale wengine?"

Nilimtazama yule kijana. Nakumbuka vizuri sana alivyosimama siku ile, na alikuwa anaangalia wapi.

"Ile orodha yako uliifuta?" nikamuuliza.

"Niliifuta yote."

"Na mimi yangu nimeifuta. Kula, ugali unapoa."

Akacheka, akainamia bakuli akala mpaka mwisho. Mimi nikageukia kioo, maana basi la saa nane lilikuwa limeshafika Ruaha Mbuyuni, na kiti cha kwanza kilikuwa kimeshaagiza.